Mtungi Humfuata Mkwe

Homa iliyomshika Guat-kiau majira ya baridi haikuwa kubwa. Ilimlaza, ikamkohoza, ikampita kama mgeni asiye na maneno mengi. Alipoinuka kitandani alijiona mzima, akaenda uani nyuma ya jiko kufunua mtungi, kama alivyofanya kila asubuhi tangu aolewe katika nyumba ile. Akainamisha uso, akavuta pumzi. Hakuna kitu. Mtungi ulikuwa kimya kama kisima kilichokauka.

Akadhani ni mafua tu. Akapenga kamasi, akainama tena. Kimya vilevile.

Watu wa Tainan, kule Taiwan, wanajua mtungi ule ni kitu gani. Ndani yake yamo maji mazito ya kijani, maji ya mabua ya mchicha, machipukizi ya mwanzi, majani ya haradali na chumvi, yaliyochacha na kuchacha tena, na hayajapata kumwagwa yote tangu enzi za mama mkwe wake. Vipande vya tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, hulazwa humo mpaka vivunde, kisha hukaangwa sokoni jioni kwenye karai la mafuta. Mgeni akiipata harufu ile huziba pua na kuuliza kama bomba la choo limepasuka. Mwenyeji akiipata, mate humjaa kinywani.

Na maji yale hulishwa, kama mfugo. Siku moja yanataka mchicha, siku nyingine chumvi, siku nyingine yanataka yaachwe yapumzike. Hayasemi yanataka nini ila kwa harufu. Ukikosea mara moja yanakusamehe. Ukikosea mfululizo yanaoza, na yakishaoza hakuna duka linalouza mengine.

Guat-kiau hakumwambia mtu. Hakumwambia mwanawe Bun-hiong, ambaye siku nyingi alikuwa barabarani na lori la mboga. Na mke wa mwanawe, Diem, aliyekuwa akikaanga naye tofu kila jioni, huyo ndiye hasa hakutaka ajue.

Diem aliolewa kutoka Vietnam, kutoka Chau Doc, mji wa mtoni ambako samaki huchachushwa kwenye mapipa mpaka wakayeyuka. Alikuwa mchapakazi, lakini mdomo wake haukuwa na pazia. Ukimwuliza kama nguo imekupendeza na haikukupendeza, atakwambia, tena atakwambia na kwa nini. Guat-kiau alimpenda kwa kazi yake na akamwogopa kwa ulimi wake. Mtungi hakumruhusu kuugusa. Wiki ile ile alipofika, alimkuta ameshika kifuniko akitaka kuchungulia, akamwambia, "Huo una wenyewe." Diem akakirudisha kifuniko taratibu, na tangu siku hiyo akawa anaupita mtungi kwa mbali kama mtu anayempita mbwa wa jirani.

Basi Guat-kiau akawa analisha maji yake kwa kubahatisha. Leo haradali, kesho chumvi kidogo, keshokutwa haradali tena. Moyoni alikuwa kama mtu anayemlisha mtoto asiyelia.

Mzee wa duka la dawa za miti shamba ndiye aliyempa shauri, ambaye Guat-kiau alimwendea kwa kumdanganya kwamba anayeumwa ni shoga yake. "Mwambie pua haijafa," mzee alisema. "Imelala. Aiamshe. Ale vitu vyenye harufu kali, kila siku kitu kipya, ajaribu hata asivyovipenda. Siku moja mlango utafunguka."

Sasa ieleweke kwamba Guat-kiau hakuwa mtu wa kula sokoni. Miaka yote alikuja na wali wake kwenye kibakuli, akaula ameipa njia mgongo. Majirani wa meza sokoni hawauziani. Hubadilishana sahani, yeye akupe chake nawe umpe chako. Lakini yeye cha wenzake alikuwa akimpelekea Bun-hiong nyumbani. Kwa hiyo siku aliposimama mbele ya meza ya Mama Tsai, taa za soko ndiyo kwanza zinawashwa, Mama Tsai aliacha kupanga vichwa vya bata akamtazama.

"Guat-kiau, umepotea njia?"

"Nipe ulimi wa bata."

"Ulimi? Miaka yote hii nikikupa unasema utaona kama unambusu bata."

"Leo nataka kumbusu."

Mama Tsai akacheka mpaka akajishika mbavu, akamchagulia ndimi nne nono zilizoiva kwenye mchuzi mweusi. Guat-kiau akala pale pale amesimama. Alisikia kifupa chembamba katikati, alisikia ukakasi wa ngozi, alisikia chumvi, sukari, na pilipili ikimwasha midomo. Lakini kile kinachomfanya mtu afumbe macho anapokula hakikuwapo. Ni kama kusikiliza ngoma ya jirani ukutani: kishindo kinafika, wimbo haufiki.

"Vipi?" Mama Tsai aliuliza.

"Tamu," alisema, akaondoka haraka.

Kesho yake alikula keki ya damu ya nguruwe, ile ya wali uliogandishwa kwa damu, ikachomekwa kijiti na kuviringishwa kwenye unga wa karanga na giligilani. Ilimshika meno kama gundi. Akala vitako vya kuku vya kuchoma, vinavyotiririka mafuta, vilivyokandikwa vitunguu saumu mpaka muuzaji mwenyewe akamwuliza kama nyumbani analala peke yake. Akala mayai meusi ya bata yaliyozikwa kwenye majivu na chokaa, viini vyake vya kijani kama matope ya ziwani. Akanunua doriani, tunda la kunuka kupita yote, akalisogeza puani kabisa kama mtu anayesoma maandishi madogo. Wanafunzi wawili waliopita walikunja nyuso. Yeye hakupata hata hewa yake.

Alijaribu mchuzi wa nyoka, ambao marehemu mumewe aliusifu na yeye akamlaza sebuleni kwa kuunywa. Nyama ilikuwa na miiba midogo, na mchuzi ulikuwa wa moto. Basi.

Halafu akafika kwa muuza mkate wa jeneza. Mkate wenyewe ni mnene, hukaangwa mpaka uwe rangi ya dhahabu, hukatwa juu, hukombwa ndani, ukajazwa mchuzi wa maziwa, kamba na maini ya kuku, kisha ukafunikwa kwa kile kipande cha juu. Kila mtu anaona jina lilikotoka. Vijana huula wakitaniana, lakini wazee wa soko lile walikuwa hawauagizi. Hawakutaka kuonekana wakifunua kifuniko chake. Guat-kiau alikuwa amesikia kwamba maini yake yananuka pilipili manga umbali wa meza tatu, na hilo tu ndilo alilolifikiria.

"Wa mjukuu, bibi?" muuzaji aliuliza.

"Wangu."

"Mmoja tu?"

"Kwani jeneza wanaingia wawili?"

Muuzaji hakucheka. Alimpa mkate kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa, na kabla Guat-kiau hajafika katikati ya mchuzi, habari ilikuwa imeshafika kwa Mama Tsai, na kutoka kwa Mama Tsai ikapanda mstari wa soseji, ikashuka mstari wa maji ya miwa, ikalizunguka hekalu lililo katikati ya soko. Mtu ambaye hajapata kula sokoni sasa anakula kila kitu, kimoja kimoja, bila kurudia. Na leo kaagiza jeneza, peke yake, akalifunua kwa mkono wake. Hiyo ni kuaga. Daktari keshamwambia.

Jioni iliyofuata Mama Tsai alikuja na bakuli la supu ya mizizi, macho mekundu.

"Kunywa, shoga yangu."

"Ya nini?"

"Sisemi kitu. Ila mficha maradhi kilio humuumbua."

Guat-kiau akashtuka, akidhani siri ya pua imejulikana. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Macho tu." Mama Tsai akamshika mkono. "Panauma?"

"Hapaumi. Pamezibika tu."

"Masikini. Pamezibika," Mama Tsai alisema, akaenda kuwatangazia wengine kwamba ni tumbo, limezibika, na hakuna la kufanya.

Kuanzia hapo kila alikopita walimpa bure, bila kutaka sahani yake. Muuza kome alimwongezea kome. Mzee wa maji ya miwa alimpa kiti. Guat-kiau hakuelewa upendo huu umetoka wapi, lakini alikuwa na jambo zito zaidi la kufikiria, kwani mezani kwake watu walikuwa wameanza kubakiza tofu.

Mwalimu mstaafu, mteja wake wa tangu ujana, alikula vipande viwili, akasogeza achari ya kabeji juu ya vilivyosalia kama anayefunika kosa. "Nzuri, bibi," alisema. "Nzuri kama siku zote." Akaondoka.

Diem alikuwa akigeuza vipande kwenye karai. "Mama, watu wanabakiza."

"Wameshiba."

"Hawajashiba. Wakitoka hapa wanakwenda kununua soseji."

"Soseji ni ya watoto."

"Mwalimu naye kanunua. Nimemwona." Diem akainua kipande kwa vijiti, akakitazama. "Haivundi sawa siku hizi. Inanuka kama tunda."

"Wewe uliyezaliwa kwenye pipa la samaki utajua nini?"

Diem akakirudisha kipande kwenye mafuta. Usiku ule alifanya kazi yote kama kawaida, akafuta meza, akapanga viti, na hakusema neno ambalo hakuulizwa. Guat-kiau alilala akiligeuza lile neno la Diem kooni kama mwiba wa samaki. Maana alijua alichokisikia. Tunda. Mama mkwe wake aliwahi kumwonya: yakianza kunuka tunda, yanakwenda.

Siku ya tatu yake, karai linapata moto, akatokea wifi yake Lai-hong na kapu mkononi.

Lai-hong alikuwa dada wa marehemu mumewe, na alikuwa na meza yake mwenyewe ya tofu mwisho wa soko, upande wa pili wa hekalu. Kwa miaka mingi wawili hawa walisalimiana kwa kidevu tu. Ugomvi wao ulikuwa mtungi. Mama yake Lai-hong alipokuwa anakufa alimwacha binti aliyemzaa, akampa mtungi mke wa mwanawe, kwa kuwa ndiyo kawaida: binti huolewa akaenda na siri ya nyumba kwa watu, mkwe huja akabaki. Lai-hong alilia msiba mara mbili. Kisha akachota kata moja ya maji watu wakiwa mazikoni, akaanzia hapo mtungi wake. Guat-kiau alijua, na hakupata kuionja tofu yake hata siku moja.

"Nimesikia unakufa," Lai-hong alisema, akaketi.

"Nani kasema?"

"Soko zima. Umekula jeneza."

"Nilikula mkate."

"Peke yako, na kifuniko umefunua mwenyewe. Tumbo limezibika, wanasema."

Guat-kiau akamtazama mara ya pili, akaelewa supu, akaelewa kome, akaelewa kiti. Angecheka kama aliyekaa mbele yake angekuwa mtu mwingine. "Tumbo langu zima."

"Kama zima, nipe sahani."

Diem akampa. Lai-hong akauma kipande, akatafuna polepole, akakiweka chini. Hakukifunika kwa achari. "Hii si ya mama," alisema.

"Ni hali ya hewa."

"Mimi na wewe hali yetu ya hewa moja. Wifi, nisikilize. Ufe usife, yale maji unayaua. Nipe mtungi. Mimi ni damu yake."

"Mtungi humfuata mkwe," Guat-kiau alisema. Lilimtoka lenyewe, kama lilivyomtoka miaka ile juu ya jeneza la kweli. "Mama yako alilisema kwa kinywa chake, mbele yako."

"Alilisema, nami nikalimeza, na halijashuka mpaka leo." Lai-hong akageuza kichwa. "Haya, mkwe wako si huyu hapa?"

Diem alikuwa amesimama na vijiti mkononi, mafuta yakichemka mbele yake.

"Mbona nasikia hata kifuniko hajawahi kukigusa?" Lai-hong akaendelea, bila kupaza sauti. "Mimi nilinyimwa kwa kawaida ya nyumba. Yeye amenyimwa kwa kawaida gani?"

Jibu la Guat-kiau lilikuwapo alipolizoea, lile la mgeni na la pipa la samaki, lakini alipotaka kulitoa mbele ya watu wawili aliona halina miguu. Akachukua kitambaa akafuta meza iliyokuwa safi. Lai-hong akanyanyua kapu lake, akaacha machungwa aliyokuja nayo, akaenda zake.

Usiku ule Guat-kiau hakupata usingizi. Kulipopambazuka alimkuta Diem jikoni anaosha mchele.

"Acha hiyo. Njoo uani."

Wakasimama mbele ya mtungi. "Sisikii harufu," Guat-kiau alisema. "Tangu homa ile. Hata chembe."

"Najua, Mama."

"Unajua?"

"Wali uliungua ukafanya moshi, nawe umekaa pale pale unachambua mboga. Nikasema, huyu hasikii."

"Na hukuniambia."

"Mama ulisema ni hali ya hewa, ni watu wameshiba, ni pipa la samaki. Ningeingilia wapi?"

Guat-kiau akatazama chini. Kuomba radhi hakukujua vizuri. Kwao mkubwa haombi, hutengua tu alilolisema. Akashika mkono wa Diem akauweka juu ya kifuniko.

"Funua. Nusa."

Diem akafunua. Alichuchumaa, akafumba macho, akavuta pumzi fupi fupi kama mtu anayeonja uji wa moto. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Sema," Guat-kiau alisema. "Usinipambie."

"Juu kuna utamu mbaya. Kama embe lililolala juani."

"Unapanda kwenye paji la uso au unakaa kooni?"

"Paji la uso."

"Koroga. Chini kabisa, taratibu. Haya, sasa?"

Diem akakoroga kwa mwiko mrefu wa mti, akainama tena. "Chini kuna chumvi. Kuna kitu kama... kwetu, pipa likilala mwaka mzima, ukifungua linakupiga hapa." Akajigusa nyuma ya taya. "Ni hicho. Lakini ni kidogo, Mama. Kinakaribia kuzimika."

Guat-kiau akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hicho cha nyuma ya taya ndicho alichokuwa akikinusa miaka yote, na hajapata kukisikia kikitajwa na mtu. "Haradali," alisema. "Nimeyashindilia haradali. Ni mimi. Tutaipunguza, tutaongeza mabua ya mchicha na chumvi. Lakini peke yake hayatainuka. Yanataka kata ya maji hai, ya ukoo wake."

Na wote wawili walijua maji hayo yako wapi.

Jioni hawakuwasha karai. Guat-kiau alitangulia, Diem nyuma yake na bakuli tupu lenye kifuniko, wakapita mbele ya Mama Tsai, aliyeacha kisu hewani, wakalizunguka hekalu mpaka mwisho wa soko. Mezani kwa Lai-hong palikuwa na wateja wachache. Guat-kiau akavuta kiti akaketi, jambo ambalo hakupata kulifanya.

"Umekuja kuniaga?" Lai-hong aliuliza.

"Nimekuja kuomba kata moja."

Lai-hong akalitazama bakuli, akamtazama Diem, akamrudia yeye. Guat-kiau alingoja asikie la mazishi, la wizi, la miaka yote. Wifi yake alichukua sahani, akapanga vipande vinne vya moto, akamwagia saumu na pilipili, akaiweka mbele yake.

"Kwanza kula changu. Hujapata kukila."

Guat-kiau akala. Nje palivunjika kama ganda la yai, ndani palikuwa laini na pa moto, na mchuzi ukamwagika ulimini. Chumvi. Pilipili. Uchachu wa kabeji. Zaidi ya hapo, hakuna. Alitafuna mpaka mwisho, na Lai-hong amesimama juu yake, mikono kwenye aproni.

"Vipi?"

Neno "nzuri" lilikuwa karibu, na lingefaa; Lai-hong angelipokea, na bakuli lingejazwa. Wateja wa meza ya pili walikuwa wameacha kula wakisikiliza.

"Sijui," Guat-kiau alisema. "Pua yangu imekufa, wifi. Muulize mkwe wangu. Yeye ndiye anayeushika mtungi sasa."

Akamsogezea Diem sahani na vijiti. Diem akatazama wakubwa wale wawili, akala kipande kizima bila haraka, akanusa mchuzi uliobaki.

"Chumvi imezidi, Shangazi," alisema. "Na tofu unaitoa mapema, haijakaa. Lakini maji yenyewe yako hai. Yanapiga hapa."

Akajigusa nyuma ya taya. Wateja wakatazamana. Lai-hong akamkazia macho. Kisha akapinda mdomo.

"Huyu, mama angemchukia," alimwambia Guat-kiau.

"Sana."

"Na mtungi angempa."

"Angempa."

Lai-hong akaingia nyuma ya pazia la meza yake. Walisikia kifuniko kikiburutwa. Aliporudi, bakuli lilikuwa limejaa karibu na ukingo, na watu wa meza ya pili wakavuta viti vyao nyuma wakicheka. Hakumkabidhi Guat-kiau. Alimkabidhi Diem, mikono miwili kwa mikono miwili.

"Chumvi imezidi," akanung'unika. "Kesho njoo asubuhi unionyeshe imezidi wapi."

"Nitakuja, Shangazi."

Wakarudi kupitia katikati ya soko, wakati huo watu wamekwishajaa. Diem alikwenda hatua fupi, macho kwenye bakuli, yasimwagike. Guat-kiau alikuwa mbele yake, akiwapangua vijana kwa kiwiko. "Pisheni," alikuwa akisema, "pisheni mkwe wangu apite." Na watu, ambao harufu ilikuwa imeshawafikia kabla ya sauti yake, wakapisha.